Bucha ya Ghorofa ya Tatu

Bogotá, 5 Aprili 2020

Bibi Hermencia mpendwa,

Naomba baraka zako kwanza. Ni mimi Yurani, binti wa mwanao Eliécer. Naona ajabu kujitambulisha kwako, lakini sijawahi kukuandikia, na sijui barua huanzaje. Shuleni walitufundisha barua ya kuomba kazi tu, na shule nimeimaliza Novemba.

Don Belarmino alipotuletea gunia lako la viazi wiki iliyopita, nilimsikia akimwambia Mama kwamba malori ya chakula yanaruhusiwa kupita hata sasa ambapo watu wote tumefungiwa ndani. Nilishuka ngazi mbio nikamuuliza kama barua ni chakula. Alifikiri kwanza. Kisha akasema, "Ikiwa nyepesi, itapita." Kwa hiyo naandika kwa herufi ndogo.

Sisi hatujambo. Baba anapumzika. Mama naye anapumzika kidogo, maana ile nyumba anayofanya usafi upande wa kaskazini wamemwambia asubiri.

Mimi nasikiliza. Jengo letu lina ghorofa tatu na familia tisa, na tangu tuhamie hapa sijawahi kuongea na yeyote, kwa sababu unajua nilivyo. Lakini sasa nawajua kwa sauti. Yuko mzee wa ghorofa ya pili anayetengeneza redio. Anakohoa mara mbili kabla ya kila taarifa ya habari. Yuko mtu anayeimbia mimea. Na ghorofa ya chini yuko mwanamke ambaye saa sita kamili mchana anakoroga sufuria, kijiko kinagonga kwa nguvu, lakini harufu haipandi kamwe. Nimejaribu hata kulala chini na kuweka pua kwenye ufa wa sakafu. Unadhani anapika nini?

Na huko kwenu, kuku wanajua kwamba kuna ugonjwa?

Mjukuu wako,
Yurani


Los Arrayanes, 19 Aprili 2020

Yurani,

Mungu akubariki na akuongezee sauti. Barua yako imefika imelowa. Belarmino aliinyunyizia pombe ya miwa ili kuua ugonjwa, na maneno mengine yamelewa yakaanguka. Nimeyainua moja moja kwa miwani ya marehemu babu yako.

Kuku hawajui. Wanachojua ni kwamba siku hizi naongea nao zaidi. Kanisa limefungwa. Padri alipita na gari akitubariki kwa kipaza sauti, ng'ombe wa jirani yangu Custodio wakashtuka wakavunja ua, na mmoja hajapatikana mpaka leo. Custodio anasema atamdai Papa.

Sasa nami nikuulize. Inawezekanaje familia tisa zilale juu ya vichwa vya wenzao bila kujuana majina? Huku najua hata jina la mbwa wa mtu nisiyempenda. Shuka ukaulize. Anza na huyo wa chini. Mwanamke anayekoroga sufuria isiyo na harufu, mtoto, hapiki kitu. Anakoroga maji ili ninyi wa juu msikie kwamba anapika.

Na baba yako amechoshwa na nini hata apumzike? Alipokuwa hapa sikuwahi kumwona amekaa.

Nimeongeza maharage juu ya viazi. Yaanze kuliwa hayo.

Bibi yako,
Hermencia


Bogotá, 4 Mei 2020

Bibi mpendwa,

Naomba baraka zako. Nimeshuka!

Imebidi nisubiri, kwa sababu serikali ya jiji imegawa siku: tarehe witiri wanatoka wanaume, tarehe shufwa wanatoka wanawake. Siku ya wanawake barabara inakuwa kama mkutano wa akina mama ambao hakuna aliyeuitisha. Siku ya wanaume Baba huenda dukani na karatasi ya Mama, na hurudi na kitu tofauti kila mara.

Yule wa chini anaitwa doña Aminta. Alikuwa mpishi kwenye mkahawa wa shule moja, na shule zimefungwa. Nilisimama mlangoni pake nikiwa nimefunga barakoa mpaka machoni, nikasema, "Habari za asubuhi, mimi ni wa ghorofa ya tatu."

"Kumbe una sauti!" akasema. "Miaka minne nilidhani Eliécer amefuga paka huko juu."

Nilimpa viazi sita kwenye mfuko, nikamwambia vimetuzidi. Alivishika kimoja kimoja. Hakusema asante. Alisema, "Hivi vimetoka kwenye udongo mweusi." Amejuaje?

Baba anapumzika kwa sababu mjengo alikokuwa akipiga plasta umefungwa kwa muda. Ni kwa muda tu. Kila kitu kipo. Usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Mjukuu wako,
Yurani


Los Arrayanes, 24 Mei 2020

Yurani, mtoto msiri wewe!

Mwezi mzima unaniandikia kuhusu vikohozi vya majirani, na jambo kubwa unalificha! Belarmino amerudi juzi. Unamjua, maneno yake huyahesabu kama mbegu. Nikamwuliza, wanangu wakoje? Akasema, "Nimeona kitambaa chekundu dirishani kwao." Akanywa uji wake akaenda.

Kitambaa chekundu! Eliécer amefungua bucha!

Huku mtu akichinja hutundika kitambaa chekundu mlangoni, na kila apitaye anajua kwamba leo kuna nyama. Baba yako aliona hivyo tangu akiwa mtoto, na ndiye aliyekuwa akikimbia kunipa habari: "Mama, kwa akina Custodio kimetundikwa!" Ndiyo maana nimefurahi hivi. Hakusahau mambo ya kwao. Mjengo umefungwa, naye hakukaa akilia, amegeuza dirisha kuwa duka.

Nimewaambia wote waliokuja pale barabarani kunakokusanywa maziwa. Custodio alinyamaza, na Custodio huwa hanyamazi.

Mwambie baba yako nimesema ni vizuri. Mwambie hivyo hivyo, asifikiri umeongeza chumvi.

Bibi yako,
Hermencia


Bogotá, 31 Mei 2020
(Hii sikuituma.)

Bibi,

Si bucha.

Mwezi Machi serikali ilitangaza kwamba nyumba yenye njaa itundike kitambaa chekundu ili isaidiwe. Mlima wetu wote umekuwa mwekundu, ukitazama kutoka chini kwenye soko utadhani kuna sherehe. Chetu ni fulana yangu ya michezo ya shule. Mama aliitundika tarehe kumi ya Mei, Baba akaishusha, Mama akaitundika tena, na mara ya pili Baba akatoka chumbani.

Baba aliniambia, "Bibi yako asijue. Mwandikie kuhusu paka, mwandikie kuhusu mvua. Kuhusu sahani, hapana." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu."

Gunia lako ndilo tunalokula. Asubuhi viazi na maji ya sukari guru, jioni viazi. Sijui kama


Bogotá, 31 Mei 2020

Bibi mpendwa,

Naomba baraka zako. Umegundua! Tulitaka kukushtukiza. Biashara si kubwa, ni ya dirishani tu, lakini watu wanapita. Baba amefurahi sana kwa ujumbe wako.

Mvua imenyesha siku nne. Je, huko kwenu pia?

Mjukuu wako,
Yurani


Los Arrayanes, 21 Juni 2020

Yurani,

Huku mvua ni ya kawaida. Barua yako ni fupi. Nadhani duka linakuchosha.

Nimefikiri jambo, nikalala nalo, nikaamka nalo, kwa hiyo ni zuri. Ninyi sasa mnakula nyama. Mtu mwenye bucha akipelekewa viazi na mama yake ni aibu kwake, wateja watasema nini? Nimemwambia Belarmino kuanzia safari hii gunia limfikie doña Aminta. Mwanamke anayetambua udongo mweusi kwa kushika kiazi anastahili gunia zima. Mjulishe asiogope, simdai hata salamu.

Baba yako ana kisu kizuri? Babu yake alisema mchinjaji ni kisu, mengine ni kelele.

Bibi yako,
Hermencia


Bogotá, 30 Agosti 2020

Bibi mpendwa,

Naomba baraka zako. Nisamehe kwa kukawia. Gunia lilimfikia doña Aminta, na nataka ujue lilichofanya.

Belarmino aliliweka mlangoni pake. Doña Aminta alikaa juu yake nusu saa nzima, mimi nikimwangalia kutoka kwenye ngazi. Kisha akaliburuta ndani, na siku ya tisa akapiga kelele mpaka ghorofa ya tatu: "Nani ana kuni? Nani ana kitunguu? Nani ana mikono?" Milango ikafunguka. Baba alileta mbao za mjengo. Mwimbia mimea alileta giligilani. Walitoa sufuria ya mkahawa wa shule, ambayo watu wawili hawawezi kuikumbatia, wakaiweka barabarani juu ya matofali. Sasa inachemka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na nyumba za jirani zimeingia pia. Mtu akipata karoti analeta karoti. Mimi namenya. Tunamenya wanawake watano, tumekaa mbalimbali kwa kipimo cha fimbo ya ufagio, na mazungumzo yanabidi yapigiwe kelele, kwa hiyo hakuna siri. Nimejifunza kucheka kwa sauti kubwa. Doña Aminta ananiita Bubu, anasema, "Bubu, maganda mazito hivyo unawalisha nguruwe gani?"

Mzee wa redio alikuwa anaitwa don Saúl. Alichukuliwa na gari la wagonjwa tarehe saba na hakurudi. Nilikijua kikohozi chake miezi mitano, na jina lake nimelijua siku ilipobandikwa karatasi ya msiba mlangoni. Naendelea kujiuliza, ningeshuka ghorofa moja tu, si ningelijua Aprili? Baba amerithi redio tatu zisizo na wenyewe. Anazifungua na kuzifunga.

Nawe, unaongea na nani siku hizi, zaidi ya kuku?

Mjukuu wako,
Yurani


Los Arrayanes, 22 Novemba 2020

Yurani,

Mungu akubariki. Belarmino aliugua ugonjwa wenyewe, wiki saba hakutoka. Lori lilikuwa likiendeshwa na shemeji yake, ambaye simpi hata kitunguu akibebe, sembuse barua. Viazi alivifikisha lakini, nilihakikisha. Sasa Belarmino amepona, amekonda, na ameanza kuongea! Juzi alisema sentensi tatu mfululizo. Ugonjwa huu hauna heshima kwa tabia ya mtu.

Habari ya sufuria nimeisoma kwa sauti pale kwenye maziwa. Wamefanya mchango. Kuanzia sasa magunia ni mawili, yote kwa Aminta.

Don Saúl nimemwashia mshumaa. Sikumjua, lakini wewe ulimsikiliza, yatosha.

Umeniuliza naongea na nani. Naongea kuhusu ninyi, na yeyote asiyeweza kukimbia. Ndiyo maana nina ombi, na sijawahi kumwomba baba yako kitu tangu aondoke. Mkesha wa Noeli nataka kipande cha nyama kutoka bucha yake. Sitaki kikubwa. Ubavu, hata mfupa wa supu. Akifunge kwenye karatasi na aandike jina langu kwa mkono wake. Nitawaonyesha, kisha nitapika, kisha nitakula mwenyewe.

Bibi yako,
Hermencia


Bogotá, 6 Desemba 2020

Bibi,

Naomba baraka zako, ingawa ukimaliza kusoma huenda ukazirudisha.

Hakuna bucha. Haijawahi kuwapo. Huku kitambaa chekundu dirishani maana yake ni kwamba ndani hamna chakula. Tulikitundika Mei. Ulipofurahi nilishindwa kukwambia, nikaandika uongo, na Baba hajui, hajawahi kupata ujumbe wako wala kusikia neno bucha. Nilimwambia nakuandikia kuhusu paka.

Ulipohamisha gunia, tulikaa siku tisa tukila wali mweupe wa msaada. Baba alikuwa akishuka kila alasiri kutazama barabara. Alimwambia Mama, "Amechoka nasi. Ana haki." Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia nikamsikia, na sikusema kitu. Hilo ndilo baya kuliko yote niliyofanya.

Sufuria ilipoanza, tukaanza kula. Sikukwambia hilo pia. Nilisema namenya, sikusema napanga foleni na bakuli. Kwa hiyo tumekuwa tukila viazi vyako mwaka huu wote, ila kwa kupitia mkono wa doña Aminta.

Ombi lako la nyama nilimwonyesha yeye. Sikuwa na mwingine. Alisoma, akakaa chini, akacheka mpaka barakoa ikamponyoka.

"Bubu! Yaani huyo mama anadhani analisha mtu mmoja, kumbe amelisha mtaa, na mwanawe amejificha kwenye foleni?"

"Ndiyo, doña Aminta."

"Na Eliécer anajua?"

"Hapana, doña Aminta."

Akaacha kucheka. "Mimi nilikoroga maji wiki tano ili ninyi mnione ninakula," akasema. "Unajua nilichokuwa nakingoja? Mtu mmoja mjinga aje agonge mlango. Kaandike."

Nimeandika. Nyama hakuna, Bibi. Nisamehe. Usimkasirikie Baba, mwongo ni mimi.

Yurani


Los Arrayanes, 17 Januari 2021

Yurani,

Nilikasirika mpaka siku ya Wafalme Watatu, tarehe sita Januari. Sasa nimepoa kiasi cha kushika kalamu.

Kwanza, nilikwenda kwa Belarmino. Nikamwuliza, ulijua kitambaa kile kina maana gani huko mjini? Akasema, "Nilijua." Mbona hukunieleza? Akasema, "Ulianza kucheka, mama. Sikuwa nimekuona ukicheka tangu mazishi ya mzee." Nimemsusia chai wiki mbili.

Pili, pale kwenye maziwa nimesema ukweli wote mwenyewe, kabla haujafika kwa miguu yake. Custodio alivua kofia. Sikujua ana upara.

Tatu ni hili, na hili si la mtoto, lakini huna budi kulibeba kwa kuwa wengine wote ni waoga, mimi nikiwa wa kwanza.

Baba yako alipoondoka hapa alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakutaka viazi, alitaka jiji. Nilisimama langoni nikamwambia: nenda, lakini usije ukanirudia na njaa. Nilikuwa na hasira, nilitaka abaki. Aliondoka bila kugeuka. Tangu hapo amekuja mara nne, na kila mara amekuja ameshiba, amebeba mkate, akaondoka kabla ya chakula cha jioni. Nilidhani ni haraka za mjini. Kumbe ananitii! Watoto wangu sita, hakuna hata mmoja aliyewahi kunitii, na huyu amechagua neno hilo moja.

Msomee kwa sauti, usimpe karatasi, ataikunja aiweke mfukoni:

Eliécer, nililolisema langoni nalifuta. Halikuwa agizo. Lilikuwa ni kulia, ila mimi sijui kulia vizuri. Kama una njaa nambie mimi, kwa neno lenyewe, mkono wako mwenyewe. Gunia lako liko tayari hapa mlangoni na litakuja hata usipoandika. Lakini andika.

Hermencia


Bogotá, 14 Machi 2021

Bibi mpendwa,

Naomba baraka zako. Gunia limefika, na hata hivyo nilikaa na barua yako majuma saba chini ya godoro. Kila siku nilikuwa nakwenda kuisoma, halafu Baba anapita na redio mkononi, nairudisha haraka. Kusema na doña Aminta nimezoea. Kusema na Baba maneno yako, kwa sauti yangu, lilikuwa jambo lingine.

Jana ilikuwa zamu yetu ya kuosha sufuria. Mwaka unakaribia kutimia tangu jiji lifungwe, na doña Aminta alitaka tuhesabu. Tukahesabu majina: watu sitini na mmoja wanaokula, nami nawajua wote, na najua nani hapendi karoti. Mwaka jana nilimjua mwenye duka tu. Tuliwataja pia wanne waliokufa, don Saúl wa kwanza, maana familia yake iko mbali na hakuna mwingine wa kumtaja hapa. Nilikuwa nikiwaza, jiji hili lilikuwa wapi miaka yote niliyokuwa nalala ndani yake? Bado sijapata jibu. Nitaendelea kuuliza.

Wengine walipoondoka tukabaki mimi na Baba, amezama nusu mwili ndani ya sufuria akisugua masizi. Nikaona asiponitazama naweza. Nikamweleza kwanza habari ya bucha, kisha nikaitoa barua nikaisoma, kwa sauti ya kumenyea viazi.

Mkono wake uliendelea kusugua mpaka nilipofika langoni. Hapo ukasimama. Nilisoma mpaka mwisho. Hakutoka ndani ya sufuria. Nikasikia anacheka, au nilidhani anacheka, mle ndani kunavuma.

Mwishowe akasema, "Isome tena."

"Yote, Baba?"

"Kuanzia 'nalifuta'."

Nikaisoma tena. Alitoka, uso mweusi wa masizi wenye mistari miwili, akafuta mikono kwenye suruali. Akaniuliza kama hiyo kalamu inaandika. Aliandika kwa kuegemea sufuria. Alichukua muda mrefu kwa maneno machache, na amenikataza kuyasahihisha. Nayaweka hapa chini kama alivyoyaacha.

Mjukuu wako,
Yurani


Mama,

Nina njaa.

Belarmino anasema ana nafasi Jumapili ya Pasaka. Tuko watatu, na Aminta anauliza kama kuna nafasi ya wa nne. Tutafika mchana, na tutalala.

Pika.

Eliécer